Nina mashoto, na miraba yangu ya mfarishi hailingani

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, ninaishi Arusha, na tangu mwaka jana nimejiunga na kikundi cha akina mama wanaoshona mifarishi ya viraka kwa ajili ya kuuza. Ninasema yale matandiko ya kitanda ambayo juu huungwa kwa vipande vya kitenge, katikati huwekwa pamba nyepesi na chini kitambaa cha rangi moja, kisha tabaka zote tatu zikashonwa pamoja. Kushona ninakujua, kwani nimekalia cherehani tangu usichana wangu. Kinachonitesa ni kukata.

Nimezaliwa na mashoto. Chakula nilifunzwa kula kwa mkono wa kulia, na ninakula hivyo hadi leo, lakini kalamu, kisu na mkasi hukaa mkono wa kushoto, na nikijaribu kuvihamisha mkono hutetemeka. Mikasi ya kikundi ni ile mizito ya mafundi cherehani. Nikiushika mkasi, kitenge hakikatiki, bali hujikunja na kuingia katikati yake, na nikilazimisha hutoka kipande chenye ukingo kama uliotafunwa na panya. Mstari wa chaki siuoni mpaka niinamishe kichwa juu ya mkono wangu, hivyo jioni shingo huniuma. Nilidhani mkasi ni butu, lakini mwenzangu akiuchukua uleule, unakata bila shida yoyote.

Kikundi kina pia kile kisu chenye wembe wa duara unaoviringika, pamoja na rula ya plastiki angavu na mkeka wa kukatia. Nilikipokea kwa furaha, nikiamini kwamba kimeniokoa. Mwezi uliopita kiliruka juu ya rula na kunikata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na tangu hapo ninakiogopa.

Kazi niliyonayo sasa ni mfarishi wa miraba 180, yaani 12 kwa upana na 15 kwa urefu, kila mraba ukiwa na inchi 5 na nusu kabla ya kushonwa. Nilipounganisha safu mbili za kwanza, moja iliizidi nyingine kwa karibu inchi nzima. Mwalimu wetu, ambaye ninamheshimu sana, ameniambia niuzoeshe mkono wa kulia, la sivyo nihamie kwenye kupiga pasi.

Je, katika umri huu nijilazimishe kubadili mkono? Kuna vifaa vinavyonifaa, au nitapoteza fedha bure? Na hiyo miraba 180 ambayo nimekwisha kuikata, niitupe?

Mwenye Mashoto, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kidole. Nianze na swali lako la kwanza kwa sababu ninaona ndilo linalokuumiza zaidi. Usibadili mkono. Takribani mtu mmoja kati ya kumi ana mashoto kama wewe, na mkono ulioongoza kalamu na kisu tangu utotoni haunyang'anywi kazi hiyo kwa amri, hasa kazi inayodai usahihi wa milimita karibu na wembe. Sidhani kwamba mwalimu wako ana nia mbaya. Lugha yetu yenyewe imeuita mkono ule wa kulia kwa kuwa ndio wa kulia chakula, na sote tumelelewa kutoa na kupokea kwa huo. Adabu hiyo uendelee nayo, na mwenzako akikuomba mkasi mpe kwa mkono wa kulia. Juu ya meza ya kukatia, hata hivyo, kinachotakiwa ni mstari ulionyooka na vidole vilivyo salama, na wewe hayo utayapata kwa mkono wa kushoto.

Kosa liko kwenye vifaa, na ningependa ulielewe vizuri ili uweze kulieleza hata kwa mwalimu wako. Mkasi una bapa mbili zinazopishana. Mtu anapoufunga kwa mkono wa kulia, bila kujua dole gumba lake husukuma kwenda nje huku vidole vingine vikivuta kuelekea kiganja, na mkasi wa kawaida umeundwa ili msukumo huo uzibane bapa hizo mbili zikwaruzane. Kukwaruzana huko ndiko kunakokata. Ukiushika mkasi huohuo kwa mkono wa kushoto, dole gumba lako nalo husukuma kwenda nje, lakini upande umegeuka, kwa hiyo bapa hutengana badala ya kubanana na kitambaa huteleza ndani ya ule mwanya. Ndiyo sababu mkasi ule ni butu kwako na ni mkali kwa mwenzako, ingawa makali ni yaleyale.

Suala la chaki nalo lina chanzo hichohicho. Katika mkasi wa kawaida bapa la juu liko upande wa kulia. Mwenye kutumia mkono wa kulia hutazama kutoka kushoto kwa mkono wake, akauona mstari wazi mahali makali yanapogusa kitambaa. Macho yako wewe yako kulia kwa mkono wako, hivyo bapa la juu limesimama kama ukuta kati yako na mstari. Unainamisha kichwa ili uchungulie, unakisia, na kisio lako linahama kidogo kila unapochoka. Fikiria kila mraba umekosewa kwa milimita 2 tu, tena upande mmoja. Katika safu ya miraba 12 hizo ni milimita 24, na inchi moja ni milimita 25 na kitu. Hesabu hiyo inaeleza ile karibu inchi nzima uliyoiona. Kwa hiyo huna haja ya kujidhania kwamba huna jicho la kazi, maana tofauti ndogo namna hiyo haionekani kwenye kipande kimoja na huonekana tu vipande vinapoungana.

Utakapokwenda kununua mkasi, uwe mwangalifu. Wauzaji wengi watakuonyesha mkasi wenye matundu mawili yaliyo sawa na kukuambia kwamba unafaa mikono yote. Matundu hayo yatakipumzisha kidole chako, lakini bapa zake bado ni za mkono wa kulia. Ufungue mbele yako, ncha zikitazama juu, kisha uangalie ni bapa la upande gani lililo juu ya mwenzake, yaani lililo karibu nawe. Likiwa la kushoto, huo ni mkasi wa mashoto wa kweli. Likiwa la kulia, urudishe. Hata ukiupindua mkasi, jibu halibadiliki, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwa kudhani kwamba kuugeuza chini juu kunatosha. Kampuni kama Fiskars ya Ufini na Kai ya Japani hutengeneza mikasi ya ushonaji ya mkono wa kushoto, lakini katika maduka yetu ya vifaa vya cherehani ni adimu, na huenda ukahitaji kumwagiza mtu anayesafiri. Ukiupata, uwe wako peke yako. Ufunge uzi mwekundu kwenye mpini, usikatie karatasi, na ukimpelekea mnoaji mwambie aufuate mlalo wa makali kama alivyoukuta, kwa sababu mkono wake umezoea mlalo wa upande mwingine.

Kwa sasa, kama huna budi kutumia mkasi wa kikundi, fanya kinyume cha maumbile ya mkono wako: vuta dole gumba kuelekea kiganja na usukume vidole vingine kwenda nje unapoufunga. Utaona kitambaa kinakatika palepale. Njia hii inafaa kukata uzi au kipande kimoja cha dharura. Ukiitumia kwa miraba 180, shina la dole gumba litavimba. Na ukiwa unakata umbo la mviringo, zunguka kama mishale ya saa inavyokwenda, ingawa wenzako wote watakuwa wanazunguka kinyume chake.

Sasa nije kwenye kile kisu cha duara, kwa kuwa kwa kazi ya miraba ndicho ninachotaka ukitegemee, na ninajua unakiogopa. Kisu hicho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1979 na kampuni ya OLFA ya Japani, na kiliibadilisha kazi ya mifarishi kwa sababu kinakata tabaka kadhaa kwa mpigo mmoja bila kuinua kitambaa mezani. Kwa mtu wa mashoto kina fadhila nyingine: vingi vyenye mpini ulionyooka vinaweza kugeuzwa. Kitazame. Wembe umefungwa ubavuni mwa mpini, na kama kikundi chenu chote ni cha mkono wa kulia, bila shaka umefungwa ubavu wa kushoto. Wewe unahitaji uwe ubavu wa kulia, kwa sababu rula yako itakuwa upande wa kulia na wembe lazima ulale ukigusa ukingo wa rula. Ukiuacha ulivyo, ubavu wa mpini ndio utakaogusa rula, na wembe utapita mbali nayo kwa milimita kadhaa.

Kukigeuza ni kazi ya dakika tano, lakini ifanye juu ya sinia lenye kitambaa kilichokunjwa ili kusipotee kitu. Legeza kile kifungio cha skrubu, toa sehemu moja baada ya nyingine na uzipange kwenye sinia kwa mfuatano uleule zilivyotoka, ushike wembe kwa ubapa wake na kamwe usishike ukingo, kisha urudishe kila kitu kutokea upande wa pili. Kama mpini umechongwa kufuata vidole vya mkono wa kulia, au skrubu haikubali kupita upande wa pili, basi hicho si cha kwako na usikilazimishe. Ukinunua chako, chukua chenye wembe wa milimita 45, kwani cha milimita 28 ni kidogo mno kwa kitenge kilichokunjwa mara nne na cha milimita 60 ni kizito kwa anayeanza.

Ninaamini nimejua jinsi ulivyojikata. Uliikuta rula imewekwa kushoto kama wanavyoiweka wenzako, ukaibana kwa mkono wa kulia, kisha ukapitisha kisu upande wa kulia wa rula kwa mkono wa kushoto. Jaribu kukaa hivyo sasa hivi bila kisu. Mikono yako imepishana kama ya mtu aliyehisi baridi, kiwiko hakina nafasi, na nguvu ya kisu inaelekea kwenye vidole vinavyobana rula. Hapo yeyote angejikata. Geuza meza yote iwe kama inavyoonekana kwenye kioo: rula kulia, chini ya kiganja cha mkono wa kulia, vidole vikiwa vimetawanyika mbali na ukingo, kisu kushoto kwa rula, mrundo wa kitambaa ukielekea kushoto kwako. Unyooshe kwanza ukingo wa kulia wa kitambaa, upime kutoka hapo, na ukate kwenye ukingo wa kushoto wa rula, ukisukuma kisu kwenda mbele, mbali na tumbo. Simama, usikae. Taa au dirisha liwe upande wako wa kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari. Na kila mpigo unapokwisha, kabla hujagusa kitambaa, funga kinga ya wembe, hata kama utakata tena baada ya sekunde tatu.

Ukishageuza meza utakutana na kikwazo cha namba, na hiki huwachanganya wengi wenye mashoto ambao hawakuonywa. Baadhi ya rula huanza kuhesabu kutoka ukingo wa kulia, ambao ndio wenzako wa mkono wa kulia hukatia. Wewe sasa unakatia ukingo wa kushoto, kwa hiyo ukisoma namba zilizochapishwa kwenye rula kama hiyo utakata kipimo kisicho chako bila kutambua. Unaweza kuizungusha rula ili sifuri ije kushoto, lakini namba zitakuwa zimepinduka na macho yatachoka. Dawa yake ni rahisi: kwa kuwa kazi hii ina kipimo kimoja tu, bandika utepe wa karatasi chini ya rula, sambamba na ukingo wa kushoto, inchi 5 na nusu kamili kutoka kwenye ukingo huo. Ukingo wa kitambaa ukigusa utepe kuanzia juu hadi chini, kata. Usisome namba yoyote. Ziko rula zenye namba zinazokwenda pande zote mbili, na ukiweza kununua moja ya inchi 6 kwa 24 ya namna hiyo, itakutumikia miaka mingi. Vipande vidogo vya msasa vilivyogandishwa chini yake kwa gundi vitaizuia kuteleza, na kwa mkono uliokwisha kujeruhiwa mara moja ninaliona jambo hili kuwa la lazima.

Kitenge chenyewe kifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hupungua na baadhi ya rangi huchuja. Kikikauka huwa laini mno na huanza kuteleza, hivyo kipige pasi kwa maji ya wanga. Wanga wa muhogo uliochemshwa mwepesi kama mchuzi unatosha. Kitambaa kilichokakamaa kidogo hakijikunji ovyo, si chini ya kisu wala ndani ya mkasi, na hata wenzako wa mkono wa kulia wataiona faida yake.

Kwa mwalimu wako nenda na ombi moja: anapofundisha kukata, usisimame ubavuni pake bali simama mbele yake, meza ikiwa kati yenu. Mkono wake wa kulia utakuwa mkabala na wako wa kushoto, nawe utamwiga kama unavyojitazama kwenye kioo, bila kugeuzageuza kila hatua kichwani. Nimewafundisha hivi mabinti kadhaa wenye mashoto, na waliokuwa wakisumbuka wiki nzima walielewa katika kikao kimoja. Mwonyeshe pia kisu kilichogeuzwa wembe. Fundi anayejali kazi yake, akiona kwa macho yake bapa zinavyotengana mkononi mwako, hatakurudisha kwenye pasi.

Tumebaki na miraba 180. Usitupe hata mmoja. Fumua zile safu mbili ulizounga, pasi miraba yote, kisha uitafute iliyo midogo kuliko mingine. Kutokana na ulivyoeleza, ninategemea hakuna uliopungua chini ya inchi 5 na robo. Hamishia utepe wako kwenye kipimo hicho na uichonge upya yote, miwili miwili, kwa kisu kilichogeuzwa. Kabla hujaigusa, kata miraba minne ya mazoezi kutoka kwenye shuka kuukuu, uirundike pamoja na uisimamishe juu ya meza kama karata: kingo zote nne zikilingana, mkono uko tayari; ukingo mmoja ukichomoza, angalia kama utepe au rula imehama. Ukiacha robo inchi ya mshono kila upande, kila mraba ulioshonwa utabaki na inchi 4 na robo tatu, na mfarishi wako uliokusudiwa kuwa na inchi 60 kwa 75 utakuwa na 57 kwa 71 na robo. Mwambie mapema aliyeuagiza, au umwongezee ukanda wa rangi moja wa inchi moja na nusu kuzunguka pande zote, baada ya mishono. Upana utarudi 60 kamili, na urefu utakuwa 74 na robo.